Meli Iliyopita Kilosa

Msomaji wa visiwani aniwie radhi: mimi ni mtu wa Msowero, na meli niipendayo ilipita wilayani kwetu ikiwa nchi kavu.

Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kando ya mto Ems, katika karakana ya akina Meyer, ukoo ulioanza na vyombo vya mbao mwaka 1795, ukageukia chuma miaka ya 1870. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000. Kutoka bandari ya Dar es Salaam yakapakiwa kwenye treni. Na reli ya Kigoma hupita Kilosa.

Ziwani Tanganyika ikaungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, adui asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Hapo ndipo fikira zangu hukwama: kuamriwa uzike ulichokiunda, nawe ukakisitiri kama kitakachoamka! Nayo iliamka, iliopolewa mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini, sasa ikiitwa Liemba.

Vitabu huwataja Rüter, Wendt na Tellmann, mafundi watatu waliofuatana nayo. Wachukuzi na wapiga ribiti wa kwetu hutajwa kwa jumla tu.

Marehemu babu alisimulia kuwa baba yake alipakia kuni za treni Kilosa, zama za Mjerumani. Meli hakuitaja kamwe. Labda aliyaona makasha, akadhani ni vyuma vya reli.