KUMWUGUZA PUNDA WETU

Wahenga walisema kwamba asante ya punda ni mateke. Neno hilo lina kweli yake, maana mimi nimekwisha pigwa mara mbili. Hata hivyo napenda kuwaeleza wasomaji, hasa ndugu zetu waliokwisha maliza masomo, habari za kumwuguza Zawadi, punda wa jikoni petu.

Hapa kwetu, katika mitelemko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, gari haliwezi kushuka mpaka mtoni. Punda ndiye mchukuzi wa maji na kuni. Zawadi aliletwa na mzazi mmoja badala ya karo ya mwanawe, na tangu siku hiyo hatukulala na kiu.

Mwaka jana alitokwa na uvimbe kifuani, penye ukanda wa mizigo, na vivimbe viwili vidogo pajani kwa ndani. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema auzwe kwa wanunuzi wa ngozi, ingawa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Februari 2024 kwamba punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi zao. Sisi wa kidato cha sita tuliomba tupewe nafasi ya kumtunza, nasi tukaahidi kuchota maji kwa zamu mpaka apone.

Daktari wa mifugo alituambia kwamba ugonjwa huo huitwa sakoidi. Jackson wa Afrika Kusini aliueleza kwa jina hilo mwaka 1936, na mwaka 1951 Olson na Cook wa Marekani walionyesha kwamba virusi vya chunjua za ng'ombe vikitiwa katika ngozi ya farasi huleta uvimbe unaofanana nao. Haumwambukizi mtu, wala hauendi mapafuni au maini. Ubaya wake ni kwamba hupenda kurudi palepale.

Kazi ya daktari ilikwisha asubuhi moja. Alimchoma sindano ya ganzi na ya kuzuia pepopunda, akakata uvimbe wa kifuani, na vile vya pajani akavifunga kwa mipira iliyobana sana ili vikose damu, vikauke na kuanguka. Kazi yetu ilichukua wiki tisa.

Jambo la kwanza lilikuwa usafi. Kila asubuhi tulichemsha maji, tukatia vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa kila lita, tukayaacha yapoe, kisha tukaosha kidonda bila kukisugua. Chini yake tulipaka mafuta ya mgando, ili majimaji yanayotiririka yasichubue ngozi nzima. Gamba hatukulibandua, liliachwa lianguke lenyewe.

La pili lilikuwa nzi. Dawa yetu kubwa ilikuwa koleo: mavi yaliondolewa bandani kila siku na kupelekwa mbali.

La tatu lilikuwa chakula na mwenzake. Punda akikosa kula kwa siku chache, mafuta ya mwili wake huyeyuka na kujaa katika damu, naye aweza kufa kwa hilo hali kidonda chake kinapona. Tena punda huficha maumivu. Hapigi kelele, husimama tu, kichwa chini. Kwa hiyo yule jike mzee azoeaye kukaa naye hatukumtenga, na kila jioni tulitazama kama majani yamepungua.

La nne, na gumu kuliko yote, lilikuwa kumpumzisha. Ukanda ungalirudi kifuani mapema, ngozi changa ingalipasuka. Wiki ya sita wenzetu walichoka kupanda mlima na madumu, wakanung'unika kwamba punda anakula kama bwana harusi. Tulibishana sana, lakini zamu haikuvunjika.

Sasa Zawadi anafanya kazi tena, na ukanda wake tumeufunika kwa blanketi. Mwezi wa nne tulipapasa pajani tukakuta kijivimbe kama harage. Daktari aliitwa upesi, akakifunga, kikaanguka. Kama tungalidhani kwamba kupona ni siku ile kidonda kinapofunga, kingalikua tena bila mtu kukiona.

Ndugu zangu wa vidato vya chini, sisi tunaondoka mwaka huu. Mpapaseni Zawadi kila mwanzo wa mwezi, kifuani na pajani, nanyi simameni ubavuni, si nyuma.