Sheria za Mji wa Matumbawe

Tangu nistaafu nimeletewa mengi ya kutafsiri: barua za madai, hotuba za harusi, hata maneno ya kuchongwa juu ya kaburi. Lakini sikupata kuletewa mji. Aliyeuleta ni mjukuu wangu, likizo moja ya Disemba, ukiwa ndani ya daftari nene, umeandikwa nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili cha simu. "Babu," akaniambia, "tunaomba ututafsirie mji wetu."

Mji wenyewe ni wa mchezo. Vijana watano huketi pamoja, kila mmoja akachagua mhusika wa kumwigiza, na mmoja wao akawa msimulizi. Mchezaji husema mhusika wake anatenda nini, msimulizi akaeleza linalotokea. Penye shaka hurushwa dadu yenye nyuso ishirini. Hakuna mshindi wala hakuna mwisho. Mchezo wa namna hii ulichapwa kwanza Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaitwa Dungeons & Dragons, na vijana hawa waliuokota kwenye intaneti pamoja na mizigo yake yote. Mji wao ulikuwa na theluji. Ulikuwa na vilabu vya mvinyo, na mashujaa waliovaa chuma kuanzia utosini hadi unyayoni. Hapa Tanga, mtu atakayevaa chuma mwezi wa Februari atakufa kabla adui hajatokea.

Nilimwambia kwamba mji hautafsiriwi, mji huhamishwa. Basi tukauhamisha. Tukaushusha pwani, tukaujenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, tukawapa majini mtaa wao na nguva kazi ya kutoza ushuru bandarini. Jina lake la kwanza lilinishinda kutamka, tukauita Matumbawe. Hayo yote yalituchukua Jumamosi mbili, barazani kwangu, kwa kahawa na kashata.

Kazi ilikuwa kwenye sheria. Vijana walikuwa nazo tayari, vifungu arobaini na vitatu, na kifungu cha kumi na nne kilisema kuwa ni marufuku kwa mtu yeyote kufanya uchawi ndani ya mipaka ya mji bila kibali cha maandishi kutoka mamlaka husika. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Mamlaka husika, katika mji wenye majini! Sikuwacheka wao, maana hicho ndicho Kiswahili cha sheria walichopata kukisikia maishani mwao: cha matangazo yanayobandikwa ukutani kwenye ofisi. Nikawauliza ni kifungu gani kilichowahi kuvunjwa katika mchezo. Wakatazamana. Hakuna, kwa sababu hakuna aliyekuwa akivikumbuka.

Katika shule niliyofundisha mwisho kulikuwa na ubao wa kanuni ishirini na nane, nami ndiye niliyezinakili kwa mkono wangu, na nakiri kwamba sizikumbuki. Lakini kila mwanafunzi, hata aliyefika jana, alijua kwamba jiwe lililo chini ya mwembe haliketi mtu ila wa kidato cha nne. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo iliyoleta ngumi. Basi nikawaambia vijana tufute vifungu vyote, tubakishe saba tu, na kila kimoja kiwe ni kitu ambacho mtu atakivunja kwa mwili wake au kwa ulimi wake, wenzake wakaona.

Sheria ya kwanza ilikuwa hodi. Matumbawe hapaingiliwi nyumba bila hodi tatu, na sheria hiyo inamfunga jini, mwizi na askari wa mfalme sawasawa. Asipojibiwa, askari atangoje nje hadi alfajiri. Wiki ile ile vijana wakamficha mwizi ndani ya nyumba, kisha wakapiga ngoma kwa nguvu ili hodi isisikike. Je, hodi isiyosikika imepigwa? Walibishana saa nzima, dadu zimelala mkekani, na mimi nikasahau hata kuzimua kahawa. Sheria ya pili tuliitoa kwenye methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa siku mbili mgeni hatozwi wala hashitakiwi. Siku ya tatu anapewa jembe hadharani, na akilipokea amekuwa mtu wa mji, mwenye kodi na mwenye haki. Nahodha mmoja katika mchezo amekuwa akiondoka kila jioni ya siku ya pili na kurudi asubuhi kwa muda wa miezi minne.

Sheria ya sita ndiyo niliyoipenda, na wasomaji mtanielewa. Miji yetu iliyajua malumbano ya tungo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu katika ugomvi ambao haukuwa wa mzaha. Basi nikaandika: kila mwenye kinywa na madai na ayalete barazani kwa shairi, mdaiwa ajibu kwa vina vile vile kabla mwezi haujaandama tena, asipojibu, ameshindwa. Vijana walinung'unika kwamba wao si washairi. Nikawajibu kwamba wao si mashujaa wala majini pia, na hilo halijawazuia.

Sisi si wageni wa miji ya kubuni. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, naye akajitetea kwa kuwasimulia waamuzi habari za wajumbe sita. Nimekifundisha kitabu hicho kwa miaka mingi, na kila mwaka palikuwa na mwanafunzi aliyetaka kuingia ndani ya ukumbi ule na kumjibu Waziri Majivuno. Kitabu hakina mlango wa kumpitisha. Mchezo huu unao, na nilikuwa sijafikiri ni nani atakayeingia.

Baada ya sheria nilitaka mji uwe na watu wa tabaka mbalimbali, kama miji ya kweli. Nikakifungua kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, *Desturi za Wasuaheli*, kilichotolewa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, nikachota humo majumbe, ngoma, arusi na heshima za barazani. Nikachota na watumwa. Matumbawe ikawa na waungwana, wageni, na wazalia, yaani waliozaliwa utumwani katika nyumba za waungwana. Na sheria ya saba ikasema kwamba neno la mzalia halisimami mbele ya neno la mwungwana. Niliiona kuwa sentensi nzuri. Ilikuwa na mizani yake.

Binti mmoja kati yao alichagua kuwa mzalia, mpishi katika nyumba ya tajiri. Jumamosi ya tatu tajiri akamchoma kisu mgeni wake, na mpishi akaona. Binti akanigeukia, kwa kuwa mimi ndimi kadhi wa mchezo: "Shikamoo Mwalimu. Nifanyeje ili neno langu lisikike?" Nikamjibu kama sheria ilivyo: halisikiki. Hakukasirika. Aliiweka dadu yake mkekani, taratibu, akasema, "Basi mimi sina mchezo," akakusanya glasi za watu akaenda kuziosha.

Usiku ule mjukuu wangu alinishauri tufute utumwa wote. Mji ni wetu, alisema, tumeutunga wenyewe. Kwa nini tubebe hayo? Tuseme Matumbawe hakujapata kuwa na mtumwa, na maneno yale tuyatoe daftarini. Ni shauri la haki, na kwa mtu mwingine ningelikubali pale pale.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pangani. Mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba. Sheria ya Wajerumani ilikwisha kusema kwamba watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru, na mwaka 1922 Waingereza wakaufuta utumwa Tanganyika nzima. Kwa hiyo kwa sheria bibi alikuwa huru tangu tumboni. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, tuko arusini, watu wanagombea nafasi, nikamsikia mama mmoja akisema, "Mzalia naye anataka mkeka wa mbele?" Bibi aliinuka, akaikaza kanga yake, akaenda uani kuosha masufuria mpaka arusi ikaisha. Njiani nilimwuliza mama yangu mzalia ni nini. Alinifinya, na sikuuliza tena. Nyumbani kwetu neno lile halikutamkwa kamwe. Tulilifuta, kama mjukuu wangu alivyotaka kulifuta, na bibi alikufa bila mtu yeyote wa nyumba yake kumwambia kwamba aliyeaibika siku ile hakuwa yeye.

Nami nikaja kuwa mwalimu wa Kiswahili. Kwa miaka thelathini na minne nimelieleza neno *mwungwana* mbele ya madarasa: mtu mwenye adabu, mpole, mstaarabu. Sikupata kusema hata mara moja kwamba mwungwana kwanza ni yule asiye mtumwa, na kwamba adabu ni maana iliyopandikizwa juu yake, kana kwamba aliyefungwa hakuweza kuwa na adabu. Nililijua hilo. Lilikuwa kwenye kamusi iliyokuwa mezani mwangu.

Nilimsimulia mjukuu wangu hayo yote, naye alikuwa hajapata kuyasikia. Ni kilembwe wa bibi yule. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama tunaye hata picha moja. Hatunaye.

Jumamosi iliyofuata nilikusudia kuitangua sheria ya saba kwa amri yangu ya ukadhi. Binti hakunipa nafasi. Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema kwamba amezisoma upya sheria zote, na ile ya sita haikutaja mwungwana wala mzalia. Imesema kila mwenye kinywa. Kisha mpishi wake akasimama barazani:

Mimi mpishi wa jiko, moshi ndio nguo yangu,
Mkononi mna mwiko, yaliona macho yangu,
Kisu kilitoka huko, si katika kapu langu,
Sheria yasema kinywa, nami ninacho cha kwangu.

Ni ubeti wa mtu anayeanza, na *yangu* limemrudia mara mbili. Lakini hesabuni mizani. Nami ningetoa beti zangu nyingi, zile zilizowahi kusomwa redioni, nipewe ule mstari wa mwisho. Niliiandika sheria ya sita bila kumfikiria mzalia hata kidogo, ndiyo sababu sikuufunga mlango ule. Ningemfikiria, kwa akili niliyokuwa nayo wiki ile, huenda ningeufunga.

Tajiri alikuwa akiigizwa na msimulizi, yaani mjukuu wangu, naye ikampasa ajibu kwa *-ko* na *-ngu* kabla ya mwezi kuandama. Alihangaika. Usiku mmoja alinijia chumbani kuomba msaada wa vina, nikamfukuza: mwalimu hamfanyii mwanafunzi mtihani. Mwezi ukaandama, tajiri akashindwa, na kwa kuwa mzalia ameshinda barazani, sheria ya saba ikawa imevunjika mbele ya mji mzima. Waungwana wa Matumbawe walifunga maduka siku tatu. Nyumba mbili zilichomwa moto. Mpishi alipoteza jicho moja, dadu ilikataa kumhurumia. Mwishoni baraza likaifuta sheria ile, na katika daftari hatukuikwangua. Tuliipiga mstari mmoja, inasomeka bado, na pembeni pameandikwa mwaka wa Mpishi.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe hapo ndipo ilipoanza, maana wapishi na wapagazi wa Matumbawe ni huru kwa sheria, lakini sokoni bado wanaitwa wazalia, kwa sauti ile ile ya arusini. Vijana wakaniomba neno jipya. Niliwapelekea *mahuru*, wakasema linanuka hati ya kuachiliwa. Niliwapelekea *wana wa mji*. Wakasema hilo ni jina la timu ya mpira. Niliwapelekea mengine matatu ambayo naona haya kuyaandika hapa.

Binti yule ndiye aliyesema tuliache neno lilipo. Alikuwa ameifungua kamusi, akasoma kwamba mzalia ni mtu aliyezaliwa mahali fulani: mzalia wa Pangani, mzalia wa Tanga. Basi sheria iseme hivyo, alishauri. Mzalia wa Matumbawe ni kila aliyezaliwa Matumbawe, awe wa jikoni au wa ghorofani, na katika hati zote za mji asiitwe jina jingine.

Nahodha, ambaye mhusika wake ni mwungwana wa vizazi saba, alipinga papo hapo. Hatakubali, alisema, kuandikwa mzalia kwenye hati ya jahazi lake. Alisema kwa hasira iliyozidi kidogo ile ya mchezo. Msimulizi akamwambia ana kinywa, na alete madai yake barazani.

Ameyaleta, beti tatu, kwa vina vya *-za* na *-mu*. Mpishi anatakiwa ajibu kabla ya mwezi kuandama, na binti amenipigia simu mara mbili wiki hii, anauliza kuhusu neno *heshima*, lilitoka wapi na lilikuwa na maana gani kwanza.