Mvua Tuliambiwa Mapema. Pesa ya Wazee Je?

Wasee, Desemba inakuja na najua mshaanza kupanga. Kuna wa Diani, kuna wa Naivasha, halafu kuna sisi wa kupanda matatu na gunia la viazi katikati ya miguu tukielekea ocha. Kabla hiyo kelele haijaanza, nataka tuongee kuhusu pesa ya wazee. Najua si mada ya kuvutia. Nipeni tu dakika tano.

Hoja yangu ni hii: pesa ya mzee ikichelewa, haiji ikiwa ile ile. Inafika imeshapungua hata kama shilingi ziko zote. Na kinachouma kuliko kuchelewa ni kutoambiwa itakuja lini.

Kwa wale hawajui, Inua Jamii ni mpango wa serikali wa kutumia watu pesa, na unasaidia makundi matatu: wazee wa miaka 70 kwenda juu, watu wenye ulemavu mkubwa, na familia zinazolea mayatima na watoto wengine walio katika hali ngumu. Mashinani ni wachache wanasema Inua Jamii. Watu husema tu "pesa ya wazee". Ni 2,000 kwa mwezi, na wakati huo kwa kawaida ilikuwa ikilipwa ya miezi miwili pamoja, yaani 4,000. Mwaka 2018 upande wa wazee ulifunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70 na hana pensheni ya serikali, si maskini hohehahe pekee. Hiyo 2,000 imekaa hapo zaidi ya miaka kumi. Bei ya unga haijakaa hapo.

Gawanya 2,000 kwa siku 30. Unapata shilingi 66 na senti kidogo. Mwisho wa 2023 hiyo ilikuwa karibu bei ya mkate mmoja mdogo. Sasa mtu akikuambia hiyo ni pesa kidogo haiwezi kubadilisha maisha ya mtu, elewa kwamba kwa aliye nayo peke yake, hiyo ndiyo maisha.

Kukhu wangu, yaani nyanya kwa nyinyi si Wabukusu, anaishi upande wa Kimilili, Bungoma. Ni mama ya mamangu. Sisi tunaishi Kitale. Si mbali: unapita Kiminini, unafika Kamukuywa, unakata kuelekea Kimilili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sasa natengeneza video na kuandika hizi posti, na mwezi ukiwa mzuri namtumia kukhu kitu kidogo. Mwezi ukiwa mbaya, ana pesa ya wazee. Hivyo ndivyo tumekuwa tukiishi, na si sisi peke yetu.

Halafu ikaja mwisho wa 2023.

Mwaka huo bahari mbili zilituungania. Huko Pasifiki maji ya juu yalipata joto kuliko kawaida, na hiyo ndiyo El Niño. Wakati huo huo Bahari ya Hindi ilipata joto zaidi upande wetu wa Afrika kuliko upande wa Indonesia. Hizo mbili zikikutana, mvua yetu ya Oktoba hadi Desemba huwa si ya mchezo. Wataalamu walisema mapema. Oktoba Rais akasema wataalamu wamebadilisha makadirio, hatutakuwa na El Niño bali mvua kubwa tu. Mvua haikujali inaitwa nani. Ilikuja. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao, na walioumia zaidi walikuwa Mandera, Wajir, Garissa na Tana River. Sisi wa huku hatukufikiwa na msiba wa kiasi hicho, na siwezi kujilinganisha nao.

Lakini huku mvua ilitupata na mahindi nje. Trans Nzoia tunavuna kuanzia Oktoba, na baada ya kuvuna unahitaji jua. Halmashauri ya Nafaka inataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sasa jaribu kufika hapo wakati asubuhi unaanika kwa turubai, saa nane wingu linasimama juu yako, mnakimbia kukunja kila kitu, kesho mnaanza tena. Wiki moja ya hivyo, punje zinaanza kuwa na rangi ya kijani. Hapo unaogopa sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo inaua watu na mifugo.

Mamangu alikuwa amekodi ekari moja Kiminini. Aliuzia broka mahindi yakiwa bado maji, kwa bei ya broka. Ukiwa na mahindi yanayoota ndani ya gunia, huna sauti ya kubishana na mtu. Kwa hivyo mfuko ambao kila mwaka ulikuwa unamshika kukhu Desemba ulikuwa umetoboka. Na ule mfuko wake mwingine, pesa ya wazee, haukuwa umeingia tangu Oktoba. Sitataja ofisi, wala benki, wala ajenti. Sitaki hii iwe vita na mtu.

Tarehe 20 Desemba kukhu akapiga simu. Mwenyewe alipiga, na kukhu huwa anabip tu. Akaniambia, "Baba, mwambie mama yako msije Krismasi hii. Barabara imeharibika kabisa. Mtateseka na watoto."

Nikampa mamangu ujumbe. Akaendelea kupanga nguo kama hajasikia. Baadaye akasema, "Mama hajawahi kuogopa matope. Huyo hana kitu ndani ya nyumba."

Tukaenda tarehe 24. Nauli ilikuwa mara mbili, kama kila Desemba. Kutoka Kimilili boda alitubeba hadi mahali fulani akasema hapo ndipo mwisho, pikipiki yake si ya kulimia. Tukatembea na mizigo kichwani. Barabara kweli ilikuwa mbaya, kukhu hakudanganya. Ila alikuwa ametumia ukweli mmoja kuficha mwingine.

Jioni nikatumwa dukani pale senta kununua majani chai. Mwenye duka akaniuliza kama mimi ni mjukuu wa fulani, nikakubali, akafungua daftari. Hakufanya kwa ubaya, ni vile tu aliona mtu wa kutoka mjini. Ukurasa mzima ulikuwa jina la kukhu: unga, sukari, mafuta ya taa, sabuni, unga tena. Jumla 3,400. Huyo mtu wa duka ndiye alikuwa amelisha nyanya yangu karibu miezi mitatu, bila bajeti ya mtu yeyote, na yeye pia ana deni kwa wale wanamletea mali.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Kukhu alikuwa ameenda kwa ajenti mara tatu kuangalia kama pesa imeingia, kwa sababu kwake habari hufika kwa mdomo: jirani anasikia kwamba jirani mwingine amesikia wazee wa kijiji fulani wamelipwa. Anajipanga, anavaa kanzu yake ya kanisa, anapanda boda. Kwa hayo matope, kwenda na kurudi ni 300. Mara tatu ni 900. Ongeza 3,400 za duka, unapata 4,300. Malipo ya miezi miwili ni 4,000. Yaani alikuwa ameshapitisha kwa 300 kabla hajaguza hata shilingi moja.

Na hapo sijahesabu kuku. Alikuwa na mitetea miwili ya mayai. Aliwauza Novemba anunue dawa ya presha. Mnajua kwetu kuku wa Krismasi ni dhahabu, wiki ya mwisho mtu anaitisha bei anayotaka. Yeye aliuza Novemba, kwa bei ya Novemba. Hiyo tofauti hakuna mtu atamrudishia.

Hiki ndicho nataka mshike. Maskini hupanga sana kuliko watu wengi wenye pesa, maana hana nafasi ya kukosea. Kukhu angejua mapema kwamba pesa itaingia Januari, angefunga mkanda kuanzia Oktoba, angeweka wale kuku hadi Krismasi, asingepanda boda mara tatu. Hakuhitaji muujiza. Alihitaji tarehe.

Krismasi yenyewe tulikula chapati na maharagwe, na ilikuwa sawa, hakuna aliyelala njaa. Lakini kukhu ana desturi yake. Kila mwaka baada ya kanisa anakaa kwa kiti chake, wajukuu wanapanga laini, kila mmoja anapewa shilingi hamsini na maneno mawili ya baraka. Hata mimi na ndevu zangu huwa napanga laini. Mwaka huo alikaa jikoni siku nzima. Watoto wakimfuata anawatuma kuni, anawatuma maji. Kasichana kadogo ka mjomba kakauliza kwa sauti, "Kukhu leo hatupangi?" Hakuna aliyekajibu. Kukhu akaongeza kuni kwenye moto ambao haukuhitaji kuni.

Watu wengine huniambia wazee watunzwe na familia zao, serikali isibebeshwe mzigo. Sisi tunamtunza. Mamangu alimbebea unga akitembea kwa matope. Kile pesa ya wazee inafanya ni kumwezesha asituombe kila kitu, awe na chake cha kutoa. Ukimwondolea hicho, bado atakula, lakini atakula kama mgeni ndani ya nyumba yake.

Pesa iliingia Januari. Ya miezi iliyokuwa imelala ikaja pamoja. Siku hizo nilikuwa bado naenda huko, na kwa matanga moja mtu akasimama akawaambia wazee wamepata zawadi ya mwaka mpya. Wazee wakapiga makofi. Kukhu pia alipiga.

Mimi sikupiga. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali itawapa hifadhi ya jamii watu ambao hawawezi kujikimu wenyewe na wanaowategemea. Hilo ni jukumu. Ukinidai 4,000 za Oktoba nikakulipa Januari, sijakupa zawadi. Nimekulipa deni, tena bila riba, wakati wewe ulikuwa unakopa dukani.

Najua jibu ambalo huja: nchi haina pesa. Sawa, tuseme haina. Kusema ukweli kuhusu tarehe kunagharimu nini? Uingereza, malipo ya wanyonge yakiangukia sikukuu ya Krismasi, kwa kawaida hulipwa mapema, na tarehe zinatangazwa kabla. Tena wana malipo ya baridi: kati ya Novemba na Machi, eneo likikaa siku saba mfululizo na wastani wa nyuzi sifuri au chini, wanaostahili wanaongezewa pauni 25. Hali ya hewa yenyewe ndiyo inafungua mfuko.

Mtasema hao ni wazungu, wana mashine zao. Haya, turudi nyumbani. Panda gari hapa Kitale, fuata barabara ya Lodwar hadi Turkana. Huko kuna mpango wetu wenyewe wa kupambana na njaa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Setilaiti zinaangalia kiasi cha kijani ardhini. Ukame ukipita kiwango fulani, familia nyingi zaidi zinatumiwa pesa, hata zile hazilipwi kila mara. Hiyo ni Kenya, inaendeshwa na Mamlaka ya Kudhibiti Ukame. Kwa hivyo kuunganisha hali ya hewa na pesa ya watu tunajua tayari. Tumefanya kwa ukame. Kwa mvua na mafuriko tunasubiri nini?

Na sijafika hata huko. Ombi langu ni dogo kuliko hilo. Nchi ambayo imekuwa ikituma pesa kwa simu tangu 2007, ambayo ukifuliza mia moja unapata meseji kabla hujapumua, inaweza kutuma maneno machache kwa mzee wa Kimilili: pesa yako itaingia tarehe fulani. Ikiwa itachelewa: itachelewa hadi tarehe fulani. Kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa chifu, kwa redio, kanisani, popote. Idara ya hali ya hewa hukosea mara nyingine na tunaitania, lakini angalau hutuambia kitu ili tutoe mahindi nje.

Mkienda ocha Desemba hii, fanyeni kitu kimoja. Ulizeni mzee wenu amelipwa hadi mwezi gani, na ameenda kuangalia mara ngapi. Pitieni dukani muulize daftari linasema nini. Halafu mjumbe wa bunge akija kusalimia watu na kugawa leso, mmoja wenu asimame aulize swali fupi tu: tarehe ni gani? Na mzee wenu akipiga simu aseme barabara ni mbaya, msije, nyinyi pandeni gari.