Mkoani: Waya Upitao Juu ya Paa

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Mkoani, basi siku utakayojaliwa kuifanya safari hiyo ingia kwa bahari, na uingie kungali giza. Meli ya usiku itokayo bandari ya Malindi, Unguja, huambaa na pwani ya magharibi, hupita Tumbatu, huiacha Nungwi, kisha huingia katika mkondo ambao hauna simile na tumbo la mgeni. Abiria waliojinyoosha juu ya mikeka huacha mazungumzo. Wanaojua njia hulala. Asiyejua, kama alivyokuwa mwandishi wa makala haya safari yake ya kwanza, hushika chuma cha pembeni na kuomba kuche upesi.

Kabla ya alfajiri huonekana taa. Kwanza ni za gati, zimejipanga mstari. Juu yake, kilimani, zinawaka taa za Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Kisha huja taa za nyumba za watu, moja hapa, tatu pale, na baina yake weusi mtupu. Mgeni hudhani weusi ule ni msitu wa mikarafuu. Kukipambazuka ndipo atambuapo kwamba mle gizani nako mna nyumba, zenye mapaa ya bati na milango ya mbao sawa na zile zilizokuwa zikiwaka.

Mji wenyewe ni mdogo na umepanda mlima. Ukishuka melini utapokewa na wachukuzi, magari ya kwenda Chake Chake, na harufu ya samaki wabichi iliyochanganyika na ya karafuu ikiwa ni msimu. Mbele ya bandari kimelala kisiwa cha Makoongwe, kama mlango uliofungwa nusu. Nenda kanywe chai kwa maandazi chini ya mwembe, usikilize Kipemba kinavyosemwa bila haraka. Hayo utayafurahia mwenyewe. Mimi nataka tupande barabara ya kuelekea Mtambile, kwa sababu huko ndiko nilikokwenda kuutazama umeme.

Kwa miaka mingi Pemba iliishi kwa majenereta ya mafuta ya dizeli yaliyokuwa Wesha, karibu na Chake Chake. Mafuta yakija, taa ziliwaka. Yakichelewa, watu walirudi kwenye kandili. Mwaka 2010 ndipo ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, kwa fedha za Serikali ya Mapinduzi na msaada mkubwa wa Norway. Kwa hiyo, wewe usomaye ukurasa huu Kariakoo au Ilala, tambua kwamba taa yako na taa ya Mkoani zimeunganishwa na gridi moja. Bahari iliyonitapisha mimi, umeme huivuka bila kuyumba.

Iliyobaki ni ile safari fupi ya mwisho, kutoka kwenye nguzo hadi ukutani. Hiyo, ndugu msomaji, nimeiona mwenyewe ikishinda kuvukwa kwa miaka kadhaa.

Nilipiga hodi katika nyumba moja iliyo juu ya kilima kidogo, mkono wa kushoto wa barabara. Waya mkubwa wa umeme umepita karibu juu ya paa lake. Kunguru hutua hapo asubuhi. Mwenye nyumba ni bibi mjane, anayeishi na wajukuu wanne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo kivulini. Umekuja kutuandika?"

Nilimwambia nimekuja kuuliza habari za umeme. Alicheka, akaunyoshea waya kidole.

"Umeme ule naujua tangu ulipofika. Nausikia ukivuma mvua ikinyesha. Lakini kuja ndani, haujaja."

Mjukuu wake mkubwa yuko kidato cha tatu. Taa yao ni ya jua, ya kutundika ukutani. Ni nzuri mpaka saa tatu ya usiku, kisha huwa nyekundu na kuzimika. Wakati wa mawingu ya masika haiwaki kabisa, na hapo koroboi hutolewa chini ya kitanda. Bibi hakunisikitikia hayo. Aliyasema kama mtu anayeeleza bei ya muhogo. Kilichomuuma ni kingine. Jirani yake, mwanamke wa rika la binti yake, ana umeme na ana friji kuukuu. Huuza barafu kwa wavuvi na maji ya ukwaju kwa watoto wa skuli. "Ukwaju ule unatoka kwenye mti wangu," alisema. "Ananunua kwangu kwa kikapu, anauza kwa kikombe."

Hapo tuzungumze kidogo habari ya hesabu, maana ndiyo kiini. Kuungiwa umeme si kufungwa taa tu. Kuna waya wa kutoka nguzoni, kuna mita, kuna kazi ya mafundi na usafiri wao, na nyumba ikiwa mbali inatakiwa nguzo nyingine. Gharama hizi akiachiwa mwananchi peke yake, umeme hubaki barabarani. Ndiyo maana serikali nyingi zimeona hapana budi kutia fedha za umma katika kipande hiki kifupi.

Bara, mpaka mwisho wa mwaka 2012, mteja wa kawaida asiyehitaji nguzo alitozwa shilingi 455,108, awe mjini au kijijini. Januari 2013 bei hiyo ilishushwa: mjini ikawa 320,960, kijijini 177,000. Anayehitaji nguzo moja, ambaye alikuwa akilipa shilingi 1,351,884, alishushiwa mpaka 515,618 mjini na 337,740 kijijini. Katika miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, mwanakijiji alitakiwa kulipa shilingi 27,000 tu. Zilizobaki zilibebwa na Serikali. Baadaye bei ya 27,000 ikapelekwa hata mijini, na Januari 2022 mijini ikarudishwa 320,960. Mtu asiwalaumu upesi waliorudisha. Nguzo ina bei yake, na kama mteja hailipi, lazima yuko mwingine anayeilipa. Na mteja mpya anayewasha taa mbili na redio hairudishi gharama ya nguzo kwa miaka mingi.

Lakini wakala huo ni wa Bara. Nishati si jambo la Muungano, na umeme wa Visiwani uko mikononi mwa Shirika la Umeme Zanzibar na Serikali ya Mapinduzi. Huku nako fedha za umma na za mikopo ya nje zimeingia katika kazi hiyo hiyo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa nishati wa Zanzibar, na uungaji wa wateja wapya ni sehemu yake. Bibi wa kilimani hakuwa na habari ya benki. Alichokuwa nacho ni habari kwamba bei imepungua kuliko ile aliyotajiwa zamani na marehemu mumewe, na hilo lilimtosha kumwita fundi.

Jirani zetu wa Kenya walifanya jambo la kuangaliwa. Mwaka 2015 walianza mradi wa kuwafikia wananchi walio karibu na transfoma, ndani ya mita 600, wakashusha ada kutoka shilingi 35,000 za Kenya hadi 15,000, na wakaruhusu ilipwe kwa awamu. Awamu hizo ndizo nilizozifikiria nikiwa Mkoani. Mfanyakazi wa mjini hupata mshahara kila mwezi; mwambie alipe kidogo kidogo, ataweza. Mkulima wa karafuu je? Mkarafuu hauna mwisho wa mwezi. Mwaka mmoja huzaa mpaka majamvi ya kuanikia hayatoshi barazani, mwaka unaofuata ukawa majani matupu. Awamu za Pemba, kama zitakuwapo, zafaa zifuate mti.

Na iko gharama ambayo punguzo la ada haliigusi: waya wa ndani ya nyumba, swichi, soketi, holda za taa, na ujira wa fundi. Ada ikishuka, hii hubaki pale pale, na kwa nyumba ya vyumba vitatu inaweza kuipita ada yenyewe. Tanja Winther, mtafiti kutoka Norway, aliishi katika kijiji cha Uroa, mashariki ya Unguja, kilichopata umeme mwaka 1990, akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 2008 juu ya namna umeme ulivyoyabadili maisha ya pale. Mojawapo ya aliyoyaona ni kwamba umeme uliingia sebuleni kwa wepesi kuliko jikoni. Televisheni iliwaka, na chungu kikaendelea kupikwa kwa kuni. Akina mama wanaosoma ukurasa huu hawatastaajabu.

Fundi alifika alasiri kwa baiskeli. Ni kijana wa Mkoani, mpole, mwenye penseli sikioni. Alisimama chini ya nguzo akaanza kuhesabu hatua kuelekea ukutani, sote tukimfuata nyuma, wajukuu wakihesabu kwa sauti. Hatua zilikuwa 41.

"Bibi, hapa panataka nguzo."

"Hesabu tena."

Alihesabu tena. Zikawa 41. Bibi akamwuliza habari ya nguzo iliyo upande wa jirani mwenye friji. Kutoka huko hatua zilikuwa 27, na hazihitaji nguzo. Ila njia ya waya ilikatiza kwenye tawi kubwa la mkarafuu mkongwe uliopandwa na mumewe, na mkarafuu Pemba haukatwi ovyo. Fundi alikuna kichwa. Bibi alikwenda mpaka chini ya mti, akatazama juu kwa muda, kisha akarudi kuketi.

"Mti si wangu peke yangu," alisema. "Ana haki ya kuulizwa mwanangu aliyeko Dar es Salaam. Na fedha za waya wa ndani pia ni zake yeye."

Nilimwambia ampigie simu pale pale, tusikie. Aliitoa simu ndani ya upindo wa kanga, akaibonyeza, akanionyesha kioo cheusi. Ilikuwa imekwisha chaji tangu jana. Basi nilishuka nayo mjini, nikaiweka katika duka moja karibu na gati, ikiwa ya kumi na tatu katika foleni ya simu zilizolazwa juu ya meza, kila moja na kijikaratasi cha jina la mwenyewe. Mwenye duka aliniambia nirudi baada ya sala ya Isha.