Ndururu ya Bibi



Juma lililopita, nikiwa darasani, nilitaja msemo "sina hata ndururu". Mwanafunzi mmoja akaniuliza ndururu ni kitu gani. Nikamweleza kuwa ni sarafu ya senti tano ya enzi za Mwingereza, yenye tundu katikati. Akaomba aione. Nilirudi nyumbani nikapekua kila kopo na kila mtoto wa meza, nisiambulie hata moja.

Jambo hilo lilinichoma, maana nimekulia kwenye ndururu. Bibi mzaa mama aliuza vitumbua Tanga. Sarafu hizo, ambazo zilikuwa zimekwisha kukoma kutumika, alizitunga katika uzi wa katani akazitundika nyuma ya mlango. Alipofariki, mama zangu wakubwa na wadogo waligawana rupia zake chache za fedha, wakazifungia masandukuni. Lile shada la ndururu tulipewa sisi watoto tulichezee. Tukazifanya magurudumu ya vigari vya mabua, na mwezi haukupita zikawa zimetawanyika zote. Hakuna aliyetukaripia. Nani angekaripia kwa kitu kilichokuwa tele?

Wakusanyaji wa sarafu wanaijua siri hii. Sarafu ya ukumbusho huwekwa na wengi tangu siku inapotolewa, kwa hiyo hata baada ya miaka mingi haiwi shida kuipata. Ile ya kununulia chumvi hupita mikono elfu, ikasuguka hata maandishi yake yakafifia. Bei zikipanda, nayo ikawa hainunui kitu, huachwa, huyeyushwa au hutupwa. Zilizochakaa huenda ukazipata kwa bei ndogo. Iliyo ngumu kupatikana ni ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuiweka. Ndiyo njia waliyoipita samaki wa senti tano, mbuni wa senti ishirini na sungura wa senti hamsini, waliochorwa kwenye sarafu za Tanzania za mwaka 1966. Nahofu faru wa shilingi hamsini naye yumo safarini, kwani mara nyingi dukani narudishiwa pipi badala yake.

Lugha nayo ina sarafu zake. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia yao katika pesa 64, wakaigawa katika heller 100. Utawala wao umepita na sarafu hiyo imepita, lakini neno lake tungali nalo: ndilo hili "hela" tulitamkalo kila siku bila kukumbuka lilikotoka. Neno hilo limenusurika kwa sababu lilikubali kubeba maana ya fedha yoyote. Ndururu na thumni hayakupata bahati hiyo. Yamebaki ndani ya misemo ya wanaolalamikia ukata, na wanaoitumia misemo hiyo wanazidi kupungua.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipokuwa kijana niliyeanza kupenda ushairi, nilikwenda kwa Bibi na daftari, nikaandika kaswida alizozihifadhi kwa moyo. Niliziona kuwa ndizo mali. Daftari hilo ninalo hadi leo, na kaswida zile nimekuja kuzikuta pia kwa watu wengine, maana kila mtu alijua kuwa zafaa kutunzwa. Lakini kila alfajiri Bibi alikuwa na wito wake wa kuuzia vitumbua, wenye vina na mizani, alioutunga mwenyewe. Niliusikia mara nyingi hata nikauchoka. Sikuuandika. Leo nakumbuka lahani yake tu. Maneno yameniponyoka, na hakuna mwingine wa kumwuliza. Rupia nilizifungia sandukuni, ndururu nikaziacha zitawanyike.

Usiku ule, baada ya kupekua makopo, niliandika ubeti huu:

Ndururu yangu ya jana, leo iwapi jamani?
Ilijaa kila kona, sokoni na majumbani,
Nani aliyeiona, kuwa kitu cha thamani?
Kitu kikizidi sana, hupotea mikononi.

Tangu siku hiyo nimeweka shilingi hamsini moja mpya ndani ya bahasha. Sitarajii kutajirika nayo. Nataka mjukuu akiuliza, aonyeshwe. Kando yake nimeweka daftari jipya, naandika maneno ambayo hakuna anayeona haja ya kuyaandika: miito ya wachuuzi, maneno ya makondakta, majina wanayoyapa watoto michezo yao.

Nanyi wenzangu, kabla ya kutafuta utenzi uliosahaulika, msikilizeni anayepita mlangoni asubuhi akiuza samaki. Andikeni asemavyo. Na kama yupo kwenu aliyewahi kuusikia wito wa muuza vitumbua wa Tanga, nitashukuru kuupokea, hata kama ni nusu mstari.