Ng'ombe Aliyeanguka Malaba

Ukishuka kwenye matatu pale Malaba, kinachokulaki kwanza ni foleni ya malori yanayoelekea Uganda. Kisha waendesha boda boda, jina lililozaliwa huku mpakani enzi za baiskeli za kuvusha watu kutoka 'boda' hadi 'boda'.

Siku niliyofika, ng'ombe alikuwa ameanguka kando ya barabara na kufa ghafla. Damu nyeusi ilimtoka puani, wala haikuganda. Vijana watatu walikuwa tayari na visu.

"Msimguse, wanangu!" akafoka mzee mmoja. "Huenda ni kimeta. Mwiteni daktari wa mifugo, au chifu."

Mzee alinena kweli. Mzoga wa kimeta ukipasuliwa, viini hupata hewa, vikajivika ganda gumu na kukaa udongoni miaka na miaka. Mchunaji huambukizwa, mlaji pia. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, humtaka mwenye mnyama atoe habari upesi. Lakini mwenyewe hapa ni nani? Pengine yuko ng'ambo, Tororo!

"Nyama yote hiyo, mzee?" kijana mmoja akaguna. Sikumlaumu, nyama ni ghali.

Visu vilirudishwa shingo upande. Mzee akaketi juu ya jiwe, akifukuza mbwa kwa bakora, akimngoja daktari.