Taos: Picha wanauza, theluji wanauza, ziwa hawauzi

Msomaji mpendwa, ikiwa umewahi kusimama ukingoni mwa barabara juu ya Bonde la Ufa, utokapo Nairobi kwenda Naivasha, ukaona nchi ikikatika ghafla miguuni pako, basi safari ya leo haitakuwa ngeni kwako kabisa. Huko ninakokupeleka, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, nako kuna bonde la ufa. Lilitokea kama letu lilivyotokea: ardhi ilivutwa huku na huku mpaka ikapasuka. Letu lina maziwa na heroe. Lao limepitiwa na mto Rio Grande. Kando ya ufa huo, chini ya milima yenye theluji, kuna mji mdogo uitwao Taos.

Wahenga hawakukosea waliponena tembea uone. Nilikwenda Marekani kumtembelea mpwa wangu anayesoma chuo kikuu mjini Albuquerque, naye alipopata likizo ya siku nne akaniambia, "Mjomba, twende milimani." Taos husifika kwa mambo mawili, picha za kuchora na mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji. Hayo mawili nilikuwa nimejiandaa kuyaona.

Jambo ambalo sikumwambia mpwa wangu ni kwamba mkobani nilikuwa na karatasi moja iliyongoja saini yangu. Ndugu zangu walikwisha kutia zao. Ilikuwa ya kuuza kile kipande cha ardhi kilicho nyuma ya boma la marehemu mama, chenye chemchemi na miti mikubwa. Mnunuzi alikuwa na fedha taslimu, nasi sote tuna watoto shuleni. Shika hilo moyoni, msomaji, maana tutalirudia.

NJIANI

Kutoka Albuquerque hadi Taos ni kama kilomita 210, na kwa gari utatumia karibu saa tatu ukienda polepole. Ukifuata barabara ya chini, mto utakuwa ubavuni mwako kwa muda mrefu, umebanwa na majabali. Kisha gari litapanda kona moja, na ghafla uwanda wote utafunguka. Tafadhali usiwe umelala wakati huo! Mbele yako utaona nchi tambarare ya rangi ya kahawia, na katikati yake ufa mweusi, kana kwamba panga limepita juu ya mkate. Upande wa pili wa mji kuna daraja la chuma lililofunguliwa 1965. Kutoka darajani hadi majini ni zaidi ya mita 170. Hata jumba letu la KICC lingesimamishwa ndani ya korongo hilo, kilele chake kisingegusa daraja.

Mji wenyewe uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, sawa na Eldoret, na hesabu ya watu ya 2020 ilikuta wakazi wapatao 6,500 tu. Milima iliyo nyuma yake huitwa Sangre de Cristo, maana yake kwa Kihispania ni Damu ya Kristo. Kilele kirefu kuliko vyote jimboni humo, Wheeler, kina mita 4,011. Mlima Kenya unakipita mbali kwa mita zake 5,199, lakini sisi theluji yetu tunaitazama kwa mbali, ilhali wao huifagia mlangoni asubuhi.

Chakula hakitakupa taabu. Kuna mchuzi uitwao posole, wa nyama na mahindi yaliyotolewa maganda. Mkamba akiuonja atauliza ni nani aliyepeleka muthokoi Marekani. Kila mkahawa utakuuliza swali moja: pilipili nyekundu au ya kijani? Usijitie ushujaa. Omba kidogo kwanza.

GURUDUMU LILILOVUNJIKA

Sanaa iliufikaje mji huu? Ilifika kwa ajali. Septemba 1898, wachoraji wawili vijana, Bert Phillips na Ernest Blumenschein, walikuwa wakisafiri kwa gari la farasi kutoka Denver kuelekea Mexico. Walipokuwa kaskazini mwa Taos gurudumu likavunjika. Wakarusha sarafu ili kujua nani atalipeleka kwa mhunzi. Blumenschein akashindwa. Akapanda farasi na gurudumu lake mikononi, mwendo wa kilomita 30 hivi. Alifika akiwa hoi, lakini njiani alikuwa ameona mwanga na milima ya nchi ile, na safari ya Mexico ikaishia hapo. Phillips alifanya Taos makao yake, na Blumenschein akawa akirejea hadi naye akahamia. Mwaka wa 1915 wao na wenzao wanne waliunda chama cha wachoraji wa Taos. Picha zao ziliuzwa katika miji mikubwa na kuwavuta wengine. Georgia O'Keeffe, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Marekani, alifika 1929.

Leo ni vigumu kutembea hatua hamsini katikati ya mji bila kupita duka la picha, vyungu, vito vya fedha au mablanketi yaliyofumwa. Ukiwa na muda mchache, nenda katika makavazi ya Harwood, kwenye chumba cha Agnes Martin, mchoraji aliyefariki mjini humo 2004. Zimo picha saba kubwa za mistari tu, ya samawati hafifu na nyeupe. Mpwa wangu alininong'oneza, "Mjomba, hata hii nayo ni picha?" Nikamwambia tuketi kwanza. Baada ya dakika kumi hakuna aliyetaka kuondoka.

THELUJI

Siku ya pili tulipanda hadi bonde la skii, kama kilomita 30 kutoka mjini. Aliyelianzisha 1955 ni Ernie Blake, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Uswisi. Hata mahali pa kuanzia ni mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, na viti vinavyoning'inia kwenye nyaya hukupandisha juu zaidi. Mteremko wa kwanza uuonao ukishuka garini umesimama wima kama ukuta, hata wenyeji wameweka bango la kuwatuliza wageni kwamba ipo miteremko mirahisi kwingineko. Wanaoteleza kwa ubao mmoja mpana, badala ya mbao mbili nyembamba, hawakuruhusiwa mlimani humo hadi 2008.

Viatu, mbao na fimbo hukodishwa, na mwalimu hulipiwa. Si mchezo wa mfuko mwembamba, nakuonya mapema. Nilianza kwa majivuno ya mtu wa nyanda za juu. Nilianguka kabla sijaondoka mahali nilipovalia viatu. Mtoto asiyefika miaka sita alinipita, akageuka kunitazama kwa huruma, akaendelea zake. Hapo nikamkumbuka Philip Boit wetu, aliyetoka kwenye riadha akaenda kujifunza skii Finland, na 1998 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngojea mwishoni na kumkumbatia. Mimi hakuna aliyeningojea isipokuwa mpwa wangu, aliyekuwa akicheka hadi machozi.

UDONGO

Sasa twende kwa udongo. Kusini mwa mji, mtaa wa Ranchos de Taos, kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lililomalizika kujengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Lizunguke uende nyuma. Utaona kuta nene zisizo na dirisha wala pembe kali, zimevimba kama vichuguu vikubwa. O'Keeffe aliuchora mgongo huo mara kadhaa, na wapiga picha hawaishi kuusimamia. Ni udongo mtupu, uliochanganywa na nyasi kavu.

Mwaka wa 1967 kanisa hilo lilipigwa plasta ngumu ya saruji, ili watu wapumzike kulikandika kila mara. Maji yakapenya nyufani, yakakosa pa kutokea, na kuta zikaanza kuoza ndani kwa ndani. Mwaka wa 1979 ikabidi saruji yote ibanduliwe, udongo ukarudishwa. Tangu hapo waumini hukusanyika wakati wa kiangazi, wazee kwa vijana, wakakanyaga udongo na kulikandika kanisa lao upya kwa mikono.

Nilisoma habari hiyo nikacheka peke yangu, kicheko cha aibu. Mimi pia niliwahi kununua saruji kuipiga plasta nyumba ya udongo ya mama, kwa kuwa nilikuwa nikiwaonea haya marafiki zangu wa mjini. Mama alisema, "Mwanangu, udongo na saruji havipatani." Sikumsikiliza. Msimu wa pili wa mvua plasta ilianguka vipande vipande, ikabanduka na nusu ya ukuta.

ZIWA

Siku ya mwisho tulikwenda kijiji cha Taos Pueblo, kilomita chache kaskazini mwa mji. Hawa ndio wenye nchi. Walikuwa na nyumba zao hapo kabla Columbus hajavuka bahari 1492. Kuna majumba mawili makubwa ya udongo, ghorofa juu ya ghorofa, moja kila upande wa kijito, na ngazi za miti zimeegemezwa ukutani. UNESCO ilikitia kijiji hicho katika orodha ya urithi wa dunia 1992. Ndani ya eneo la kale hakuna umeme wala maji ya mfereji. Hawakunyimwa. Wameamua wenyewe iwe hivyo. Maji huteka kijitoni, na mkate huokwa katika matanuri ya udongo nje ya nyumba. Nunua mmoja ungali moto.

Ukienda, shika adabu ya mgeni. Lipa kiingilio, usiingie mlango usioandikwa kuwa ni duka, usimpige mtu picha bila kumwomba, na siku za sikukuu usitoe kamera kabisa. Aidha, ulizia kabla ya kusafiri, kwa maana kila mwaka, majira ya baridi yakielekea ukingoni, kijiji hufungwa kwa wageni kwa majuma kadhaa ili wenyewe wafanye ibada zao.

Binti aliyetutembeza, mzaliwa wa kijiji, alituonyesha kijito akasema kinatoka Ziwa la Samawati, juu milimani. Nikamuuliza kama tungeweza kupanda kuliona. Akatabasamu, "Hapana, baba." Je, kuna nini huko? "Kuna maji," akasema, na maelezo yakaishia hapo.

Kisa cha ziwa hilo kiko wazi, naye alitusimulia. Ni mahali patakatifu pa watu wake. Mwaka wa 1906 serikali ya Rais Theodore Roosevelt ililitwaa pamoja na nchi inayolizunguka, ikaviingiza katika msitu wa taifa. Wageni wakaruhusiwa kupiga kambi, kuvua samaki na kuchunga mifugo. Wenyewe wakadai kwa miaka mingi. Mwaka wa 1965 tume ya serikali ikakiri kwamba ardhi ile ilichukuliwa bila haki, lakini tume hiyo ilikuwa na uwezo wa kutoa fidia ya fedha tu. Wazee wakazikataa. Hawakuwa matajiri, msomaji. Wakaendelea kudai, hata kiongozi wao wa dini, Juan de Jesús Romero, akasafiri hadi Washington akiwa na umri wa karibu miaka 90. Tarehe 15 Desemba 1970, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya kuwarudishia ekari 48,000, na ziwa likiwemo. Walikuwa wamengoja miaka 64.

Niliketi kwenye gogo kando ya kijito, mkate ukiwa bado na joto mkononi. Mji ule huuza picha kwa wanaopenda picha, na mlima huuza theluji kwa wenye nguvu za magoti. Hakuna ubaya, biashara ni biashara. Lakini maji niliyoyaona yakipita kati ya majumba yale bado yanapita kwa sababu wazee walipima fedha na ziwa, wakajua fedha zitakwisha kabla wajukuu hawajakua.

Tulipokuwa tukiteremka kuelekea Albuquerque nilimweleza mpwa wangu habari ya ile karatasi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mjomba, si ndiko bibi alikokuwa akinituma kuteka maji?" Nikamjibu ndiko.

Nimerudi nyumbani na ndugu zangu hawajafurahi nami. Karo inadaiwa, na mnunuzi hangoji milele. Sijui tutafikia wapi, lakini nimewaomba tukae tena pamoja na watoto wetu ambao hatukuwauliza. Karatasi bado haina saini yangu.

Nawe, msomaji, Mungu akikujalia nauli, nenda Taos. Theluji utaikuta kuanzia mwisho wa Novemba hadi mapema Aprili. Chukua koti zito, na usione haya kuanguka. Ikiwa nauli haipo, basi Jumapili hii nenda kwenu, ukatazame chemchemi yenu ingali inatoa maji.